Bingwa wa Sebuleni

Jumatatu, 3 Machi

Kikao cha asubuhi. Mkurugenzi katangaza kwamba kiti cha mkuu wa kitengo cha madai ya bima kiko wazi. Kisha, kama mtu anayeuliza saa, akauliza nani kati yetu anacheza gofu, maana Jumamosi amekosa mwenzake. Wenzangu wakainamia makaratasi. Miaka kumi na moja nasoma barua za watu walioibiwa na kuunguliwa nyumba, leo bahati imenitazama usoni. Mdomo ukajibu kabla yangu: mimi nacheza tangu zamani.

Mkurugenzi alifurahi mno. Mwenzangu wa meza ya dirishani alinikazia macho. Ofisi nzima humwita Bwana Tai kwa sababu ya tai zake za hariri. Mimi humfikiria yule ndege.

Uwanja wa gofu nimeuona mara moja tu maishani, kupitia ua wa michongoma, nikitafuta pa kujisaidia. Lakini siku tano ni nyingi.

Jumanne, 4 Machi

Nimepata fimbo ya gofu kwenye mitumba. Moja, kuukuu, shingo ina kutu. Muuzaji alinipa haraka sana, nikadhani ni heshima. Nilipofika nyumbani nikagundua ni ya mtu wa mkono wa kushoto. Si neno. Nitakuwa wa kushoto.

Nimesukuma makochi ukutani. Zulia ndilo nyasi. Bilauri iliyolazwa ubavu ndiyo shimo. Mipira ni soksi zangu, zimeviringishwa na kufungwa uzi. Mke wangu, ambaye ni muuguzi, katoka kazini akasimama mlangoni na viatu mkononi, akauliza kama nimeachishwa kazi. Nilimweleza mpango. Akasema kumbe afadhali ningeachishwa.

Jumatano, 5 Machi

Maendeleo makubwa! Nimeegemeza godoro la wageni ukutani ili nipige kwa nguvu zote. Mwalimu mmoja wa gofu niliyempata kwenye video za simu anasema siri iko kiunoni. Nikazungusha kiuno. Fimbo ikapanda vizuri kabisa, ikaenda na taa ya dari.

Mama mkwe alikuwa kwenye kochi lake. Anakaa nasi tangu goti limsumbue. Hakushtuka. Alijipangusa vigae vya taa mapajani, akasema kwa upole:

"Baba, huo si mchezo. Unafukuza kuku."

Akaomba ajaribu. Nikamsogezea soksi moja, kwa adabu, jinsi unavyompa mtoto usukani wa gari lililozimwa. Akageuza mkongojo wake juu chini, akaigusa soksi kwa kile kipini. Ikaingia kwenye bilauri. Akarudia. Ikaingia. Mara ya tatu alikuwa anaangalia dirishani.

Bahati ya wazee. Nimempongeza kwa sauti kubwa na kumrudisha kwenye kochi.

Alhamisi, 6 Machi

Bwana Tai ameanza uchokozi. Mbele ya mkurugenzi, kwenye ngazi, kaniuliza kwa kawaida mimi hupiga mara ngapi kumaliza uwanja mzima. Swali la mtego. Nikafikiri haraka, nikataja idadi ya kumtia adabu: mia mbili na hamsini. Na zaidi, nikiwa na nguvu.

Mkurugenzi alicheka mpaka akashika ukuta. Alisema anapenda watu wenye utani. Bwana Tai naye alicheka, ila kicheko chake kilikuwa na meno.

Jioni mke wangu kanieleza kwamba katika gofu anayepiga mara chache ndiye mshindi. Nikamuuliza kajuaje. Kasema kaambiwa na mama yake. Sijui kwa nini familia hii hupenda kunificha mambo.

Ijumaa, 7 Machi

Soksi hazitoshi tena kwa kiwango changu. Nimewahi kutoka kazini, nikatoa mpira wa kweli, mmoja, niliopewa na muuzaji kama nyongeza. Nikalenga godoro. Godoro, bila kuniambia, likateleza. Mpira ukagonga ukuta, ukarudi, ukanipita sikioni, ukatoka kupitia dirisha lililofungwa.

Jirani wa chini alikuwa anafua. Kaja kuurudisha mpira, safi, unanukia sabuni. Alitaja umri wa watoto wake, akaniuliza mimi nina miaka mingapi.

Mke wangu kalitazama dirisha. Kachukua kadibodi na gundi, akaziba dirisha. Namna hiyo ya kupaka gundi naijua.

Nimempigia mkurugenzi simu. Nimemwambia bega langu la kushoto limeteguka mazoezini. Sauti yangu ilitetemeka vizuri sana. Nitapona Jumatatu.

Jumamosi, 8 Machi

Amekuja kunijulia hali! Mkurugenzi mwenyewe, na kikapu cha matunda. Nyuma yake Bwana Tai, kabeba nanasi. Nilijifunga bandeji mbio mbio, nikajilaza. Bwana Tai kasalimia wote, kakaa, kauliza kwa huruma mbona bandeji iko bega la kulia. Nikasema maumivu yamehama. Mke wangu, muuguzi aliyesomea, akaenda jikoni.

Mkurugenzi hakusikia. Alikuwa anatazama zulia, bilauri, soksi. Mama mkwe akamwuliza kama angependa kujaribu. Wakaanza. Yeye akakosa mara nne. Mama akaingiza zote, huku akimrekebisha viwiko. Ndipo ikajulikana: miaka ishirini alifua taulo kwenye klabu ya gofu, na kila Jumatatu, uwanja ukifungwa, wafanyakazi walicheza. Alikuwa bingwa wao. Miaka tisa nimekuwa mkwe wake, hajawahi kuniambia. Mke wangu kasema sijawahi kumuuliza.

Mkurugenzi aliondoka saa saba mchana. Amemwomba mama awe mwenzake uwanjani goti likipona. Mimi alinipungia mkono.

Jumatatu, 10 Machi

Tangazo limebandikwa. Mkuu wa kitengo cha madai ni Bwana Tai. Tai ya leo ni ya dhahabu.

Sikukata tamaa. Nilimngoja mkurugenzi kwenye ngazi, nikamweleza kwa unyenyekevu kwamba mama hakuanza kucheza vile hivi hivi. Nyuma yake yupo mtu aliyemnoa kwa subira, hapo hapo sebuleni. Nikainamisha kichwa, aelewe.

Ameelewa! Ana wageni sita kutoka makao makuu, hawajawahi kushika fimbo, na anataka niwafundishe uwanjani mwisho wa mwezi. Nimekubali bila kusita.

Mke wangu kanishauri nimwombe mama anionyeshe japo namna ya kusimama. Nimemkatalia. Mwalimu atafundishwaje na mwanafunzi wake?