Kilo Sitini na Nane

Jumatatu, 3 Machi

Leo ndiyo siku! Baada ya miaka minne ya mbao, gundi na kitambaa, ndege yetu imetoka karakana. Mbao kachonga shemeji yangu, kaka wa mke wangu, fundi seremala. Kitambaa cha mabawa nimeshona mimi, fundi cherehani. Leseni za urubani tunazo wote wawili, ila wa kwanza kuruka ni mimi. Shemeji alitaka tupige kura. Nikamwambia fomu ya mkaguzi imeshajazwa kwa jina langu, mambo ya serikali hayachezewi.

Saa mbili asubuhi nikawasha injini. Ikanguruma vizuri sana. Nikampungia mke wangu mkono kama mheshimiwa. Nikaikimbiza ndege uwanja mzima. Mkia ukainuka. Magurudumu wapi! Yaling'ang'ania ardhi mpaka mwisho, nikaingia kwenye uzio na kusimama pua ikiwa ndani ya majani.

Shemeji akaja mbio. Akauliza kama nimeumia, kisha akauliza tatizo nini. Nikasema propela. Neno lilitoka lenyewe. Propela kaichonga yeye.

Jumanne, 4 Machi

Niseme ukweli, maana daftari hili halisomwi na mtu. Kwenye fomu kuna mstari wa uzito wa rubani. Niliandika kilo sitini na nane. Sikudanganya! Huo ulikuwa uzito wangu siku ya harusi. Hesabu zote za ndege, mabawa na propela, zimepigwa kwa hizo sitini na nane. Mara ya mwisho kupanda mizani siikumbuki. Suruali zangu nazipanua mwenyewe dukani, mlango nimeufunga, kisha kila moja nairudishia kiunoni lebo yake ya thelathini na mbili. Hakuna mteja niliyewahi kumfanyia kazi safi namna hiyo.

Shemeji kaanza kuchonga propela nyingine. Nilikwenda kumwambia. Nilifika hadi mlangoni. Nikamkuta anapima, anafuta, anapima tena. Nikaisifia mbao, nikarudi.

Ile ya kwanza nimeitundika dukani. Inafaa sana kuning'inizia suruali.

Ijumaa, 7 Machi

Propela ya pili. Shemeji kashinda nayo siku tatu, macho mekundu. Mimi nami sikukaa bure. Nimeipunguzia ndege mzigo: mto wa kiti nje, zulia nje, sanduku la vifaa nje, hata mtungi wa kuzimia moto. Nikavua viatu. Nikanyoa nywele. Jana nilishinda na maji matupu, ila jioni mke wangu alikuwa ameshapika, nisingemvunja moyo. Nikaongeza mara mbili.

Magurudumu yaliacha ardhi! Kimo cha kiti cha jikoni, labda. Sekunde tatu. Kisha puu, chini, na uzio uleule.

Shemeji hakuuliza kitu safari hii. Aliipapasa propela kwa kiganja, akasema polepole kwamba mkono wake umeharibika. Ningesema palepale. Badala yake nikamwambia asijali, hata mafundi wakubwa hukosea. Na bega nikampigapiga! Mdomo huu utaniponza.

Jumapili, 9 Machi

Shemeji kaja na furushi. Randa, patasi, msumeno mdogo, vyote kavipaka mafuta na kuvifunga kwa kitambaa nilichomkatia mimi. Kampa dada yake amtunzie. Akamwambia, "Dada, miaka ishirini natengeneza milango ya watu. Sasa hata mguu wa kiti naogopa kuukata. Nitatafuta kazi nyingine." Mke wangu akalia. Akanigeukia: mume wangu, si umwambie kitu! Nikajitia hamnazo, natafuta miwani. Miwani nilikuwa nimeivaa.

Naona haya. Sina njia nyingine ya kuliandika. Namwibia mtu imani ya mikono yake kwa sababu ya tumbo langu. Furushi liko chini ya kitanda, upande wangu.

Kesho kutwa mkaguzi anarudi. Nitamvuta pembeni nimweleze yeye kwanza. Nimeshapanga hata maneno.

Jumanne, 11 Machi

Mkaguzi ni mama mfupi asiyecheka. Kaja na mizani tatu, moja kwa kila gurudumu. Nikamvuta pembeni. Nikamweleza hali ya hewa. Akasema leo atapima ndege na rubani akiwa ndani.

Nikapanda. Nikabana pumzi, utadhani kilo ziko kwenye hewa. Halafu kwa mkono mmoja nikashika nguzo ya karakana na kujivuta juu kidogo. Kidogo tu.

"Baba," akasema mkaguzi, "achia nguzo."

Nikaachia. Akajumlisha. Akatoa uzito wa ndege tupu, akajumlisha tena. Akasoma kwa sauti: fomu inasema sitini na nane, mizani inasema tisini na nne. Akauliza kama kuna abiria mwingine. Niliposhuka, mke wangu akanijia kwa nyuma, akapindua kiuno cha suruali na kuisoma lebo. Akaikagua mishono. Akauliza hii nimeipanua mara ngapi. Nilitamani ardhi ipasuke inimeze.

Shemeji hakunitazama. Aliitazama mikono yake, akaikunja, akaikunjua. Akauliza kitu kimoja tu: propela ya kwanza iko wapi.

Ilikuwa na suruali nane za wateja.

Alhamisi, 13 Machi

Shemeji karuka! Kilo sitini na moja, propela ileile ya kwanza. Hata nusu ya uwanja hakumaliza. Akazunguka juu yetu mara tatu. Mkaguzi alicheka kabisa. Mabawa yangu hayakulegea hata mshono mmoja, na hakuna aliyenipongeza. Nililia, nikasingizia vumbi.

Aliposhuka nikamwomba radhi mbele ya watu wote. Nikamweleza yote, fomu, mlango wake, bega lake. Akaifuta propela vumbi kwa kiganja. Mwisho akasema, "Shemeji, ungeniambia tu. Ningechonga ya kukubeba wewe."

Bora angenitukana. Nimeapa leo, kalamu mkononi: sitadanganya tena maishani.

Jumamosi, 12 Aprili

Mwezi mzima mke wangu ananipimia chakula kwa kikombe. Mwezi mzima mimi na mwokaji mikate wa jirani na duka langu tumekuwa marafiki wakubwa.

Leo shemeji kaja dukani, randa kwapani, penseli sikioni, amenawiri. Kapata kipande cha mbao safi. Anataka kunichongea propela yangu mwenyewe, niruke na mimi. Akauliza, kwa upole kabisa, baada ya chakula cha kikombe nimefika kilo ngapi. Akasema mizani hana haja nayo, neno langu linamtosha.

Nikamwambia themanini na mbili.

Akaiandika palepale kwenye mbao, akanipa mkono, akaenda zake anapiga mluzi. Si uongo mkubwa. Nitakuwa nimefika huko kabla hajamaliza kupiga msasa. Naanza Jumatatu.

Nimefunga mlango wa duka. Kuna suruali moja inanibana, naipanua kidogo. Lebo yake nimeiweka pembeni isipotee.