Mgeni Kutoka Kitale

Jumatano, 1 Oktoba 2025

Nimeanguka Stadi za Mawasiliano tena. Mara ya tatu! Daktari Wacuka, mhadhiri wetu, amenipa nafasi ya mwisho: nihutubie watu hamsini, kiongozi wao atie sahihi, halafu niandike kitu atakachonipa yeye. Nikishindwa, sihitimu Desemba. Na Mama ameshatangazia soko zima la Myanga. Fahali wa sherehe ameshachaguliwa.

Kinyua wa chumba cha pili, aliyeongoza darasa, ameuliza kama nataka usaidizi. Usaidizi! Kiburi cha watu wanaosoma.

Jumamosi, 4 Oktoba

Mazishi, Lwakhakha. Wasikilizaji mia tatu, bure. Nikajipenyeza kwenye mstari wa marafiki wa marehemu. Mwongozaji akauliza tulijuana wapi. Nikasema tulisoma pamoja sekondari. Marehemu alikuwa na miaka tisini na moja.

Nimerudi Bungoma bila hata kula.

Jumapili, 5 Oktoba

Leo nimeenda kanisa moja la Ndalu ambako hawanijui. Pale wageni husimama kutoa salamu. Mgeni wa kaunti hii hupewa nusu dakika tu, kwa hivyo nikasema nimetoka Kitale. Makofi! Pasta Mukhisa akanikumbatia, akasema walikuwa wakimngoja mnenaji kutoka Kitale, wa semina ya wanandoa, wakadhani amepotea. Akanipa saa nzima. Ningekataa?

Mimi hata mchumba sina. Nikakumbuka somo moja tu, la kusikiliza. Nikawaambia kila mmoja arudie jambo alilomsikia mwenzake akisema. Mama Pauline, mstari wa mbele, akasimama na kumgeukia mumewe, mzee Wakoli.

"Nimeskia ukisema utatengeneza jiko," akasema. "Naskia hiyo tangu Viola azaliwe, na Viola sasa ako na watoto wake."

Kanisa likaangua kicheko, mzee mwenyewe akicheka zaidi. Akaahidi Jumanne, Pasta akiwa shahidi. Baada ya hapo wanawake wakapanga foleni. Sijawahi kufurahi hivyo maishani!

Pasta akatia sahihi. Nikainua macho. Kiti cha nyuma kabisa, matope mpaka magotini: Daktari Wacuka. Gari lake lilikwama akitoka kwake nyumbani. Mnenaji kutoka Kitale alikuwa yeye.

Jumatatu, 6 Oktoba

Ofisini kwake. Niliogopa sana. Akasema amenisikia nikidanganya kanisa zima. Akasema pia kwamba watu walinisikiliza, jambo ambalo hakulitarajia kabisa. Kuongea nimepita!

Kisha akanipa kazi ya kuandika.

"Mwandikie Pasta barua ya kuomba msamaha," akasema. "Wewe mwenyewe, Sifuna. Ukinidanganya tena, hiyo Desemba utawapigia wenzako makofi."

Jumanne, 7 Oktoba

Barua si kazi ukiwa na akili. Nimempelekea Kinyua chapati sita, akaniandikia. Alikuwa akicheka peke yake akiandika. Ni ile raha ya kusaidia mtu, nafikiri. Barua yenyewe ni tamu, nusura nijisamehe.

Lakini Daktari alisema mimi mwenyewe, na mimi si mjinga. Nimeinakili yote kwa mkono wangu, kuanzia anwani ya juu mpaka chini kabisa, "Wako mnyenyekevu, Kinyua Ngige". Sijaruka hata nukta.

Saa nane nimeiweka mezani kwa Daktari. Nimempigia Mama simu, aanze kualika watu.