Maharage Yaliyonikuta Nyakitonto

Leo nimevuliwa nguo nikiwa nimevaa.

Naandika mwenyewe, tena mapema, kabla Kelvin hajawarushia picha humu kwenye kikundi. Picha anazo. Wageni nao wanazo, na zao zitafika nchi ambazo mimi sitafika. Heri msikie kwangu.

Mnanijua. Mimi Leonidas nilivuka mpaka nikiwa mtoto, nimefungwa mgongoni kwa dada, risasi zinalia nyuma. Kambini nimekula dengu za mgao mpaka nikaziota usiku. Kipindupindu kilipita kwenye mahema, kikachukua wa kulia na wa kushoto, mimi kikaniruka. Shule niliishia darasa la tatu. Yote hayo nimeyapona. Leo nimeangushwa na sahani ya maharage.

Wenye makosa nawataja. Wa kwanza ni Bakari, mwenye duka Kasulu sokoni. Wa pili ni Kelvin, dereva wa watalii, kijana wa Arusha anayevaa miwani ya jua hata mvua ikinyesha. Wa tatu ni Mama Skola wa Nyakitonto. Wa nne simtaji jina. Mtaelewa mbele kwa nini.

Kwanza mjue hali ya nyumbani kwangu. Tangu tuvune maharage mke wangu Dafroza hayupo. Yuko kwa mama yake, kijiji cha Titye. (Wengine niliwaambia amekwenda kuuguza. Nilidanganya, endeleeni kusoma.) Jioni moja alinipa maharage, nikasema haya hayaliki, na kosa si lako, kosa ni la mama yako ambaye hakukufundisha kupika. Asubuhi akachukua kitenge chake na kuku wake mmoja, akaenda.

Nilitaka kumfuata. Lakini kwa Waha, na hata kwetu tulikotoka, mtu hajisemei mwenyewe kwa wakwe. Lazima uende na mtu mzima wa kukusemea, na pombe ya ndizi. Pombe ningeipata. Mtu sina. Ukoo wangu uliishia njiani tukija huku. Siku ya kuoa alinisemea jirani yetu wa kambini, mzee mmoja mwema, naye ameshazikwa. Kwa hiyo nilikaa tu. Nikawa nachemsha viazi, nakula nimesimama.

Hapo ndipo Bakari alipoingia. Kelvin alikuwa anapeleka wageni Moyowosi, kule porini upande wa Kibondo, kuona ndege wa kwenye mabwawa na wanyama. Njiani wageni walitaka kuonja vyakula vya asili. Kelvin akaulizia dukani nani anaweza kuwaelezea. Bakari bila kuinua macho kwenye mzani akamwambia, "Ukitaka mtu wa kula na kusema kwa wakati mmoja, mchukue Leonidas."

Nilidhani ananisifu.

Kazi yenyewe ilikuwa nyepesi. Nikae na wageni, nionje kila chakula kwanza mbele yao, kama ilivyo desturi yetu kwamba mwenyeji huonja ili mgeni ajue hakuna sumu, halafu nieleze. Baada ya chakula ningepanda nao gari mpaka porini. Ningemuona tembo. Mimi tembo namjua kwa mavi yake na kwa mihogo aliyoila, uso kwa uso hatujaonana. (Wiki nzima niliwatambia humu. Najua mnakumbuka.)

Tukafika Nyakitonto jua liko kichwani. Uwanja umefagiliwa, mikeka imetandikwa chini ya kivuli cha turubai, jiko liko nyuma ya uzio wa majani. Mama Skola, kiongozi wa kikundi cha akina mama wanaopikia wageni, akatupokea. Mpishi wake wa siku zote anaumwa, alisema, ila wameazima mpishi mwingine, mtu mzima, fundi kweli, amekuja na bintiye wa kumsaidia. Kwamba wameazima kutoka wapi, hakusema. Nami sikuuliza. Nilikuwa nasikia harufu ya mawese.

Wageni walikuwa wanne. Mkubwa wao alikuwa mzee wa Kizungu mwenye darubini shingoni, anajua Kiswahili cha salamu na cha asante. Alikuja kwa ajili ya ndege tu, kwa hiyo nikamwita Mzee Ndege, akafurahi. Kelvin akawapa maelezo kwa lugha yao, kisha akanieleza alichowaambia: wasije wakamkosea mtu, kila atakachofanya Leonidas nao wafanye hivyo hivyo.

Hilo ndilo kosa la Kelvin. Lishikeni.

Nikanawa, wakanawa. Nikakunja miguu, wakakunja, Mzee Ndege akisaidiwa goti. Ukaja ugali wa muhogo. Nikamega, nikafinyanga, nikabonyeza kwa dole gumba. Wakabonyeza. Ikaja sombe, yaani kisamvu kilichotwangwa kikaungwa kwa mawese. Wakaja migebuka, samaki wa ziwani, wa kubanikwa. Nikaonja, nikaeleza, Kelvin akatafsiri. Nikacheua, nao wakajaribu. Dada mmoja wa Kizungu alijitahidi mpaka machozi.

Halafu yakaja maharage.

Jamani. Yalikuwa mekundu kwa mawese, laini, yamekaa kwenye mchuzi mzito, na ndani yake mna nyanya chungu. Nilipoonja nilifumba macho. Kulikuwa na ladha pale naijua, lakini sikumbuki wapi. Nikaonja tena. Nikasahau kuwa wageni wanangoja. Nikavuta bakuli.

Kelvin akauliza niwaambie nini. Hapo nikafungua mdomo. Mtu mwenye shibe ana wazimu wake. Nikasema, "Waambie huyu ndiye mwanamke! Wa kwangu akipika maharage unaweza kuyatia kwenye manati ukaangusha kunguru."

Kelvin akatafsiri. Wakacheka. Nilipoona wanacheka nikaongeza. Nikasema hata hivyo simlaumu mke wangu, yeye ni mwanafunzi tu. Mwalimu wake ni mama yake, mtu wa Titye, ambaye huyatumbukiza maharage kwenye maji kama anayezamisha paka, kisha anakwenda kanisani.

Nyuma ya uzio kulikuwa na kinu kinatwangwa muda wote. Kikanyamaza.

Mimi kinu kikinyamaza nadhani mtwangaji kachoka. Nikapaza sauti ili nisikike vizuri. Nikasema mpishi huyu ninataka nimuone kwa macho nimshukuru, na kama hana mume aseme. (Najua. Najua!) Mama Skola alikuwa amesimama pale na mtungi wa maji. Akanitazama sana. Akauliza kwa upole kama nina hakika nataka kumuona mpishi. Nikamwambia, "Ego, mlete." Ndiyo, mlete. Kwa mdomo wangu mwenyewe, tena huo mdomo una migebuka.

Mama Skola akaita.

Mlango wa uzio ukafunguka. Akatoka mama mkwe.

Kwa msio wa huku niwaeleze. Mkwe wa kiume na mama mkwe hawatazamani, wala jina la mama mkwe halitaji. Mkikutana njiani mmoja anaingia kichakani. Kula mbele yake ndiyo kabisa, mdomo wako hautakiwi kuonekana na chakula. Miaka yote tangu nimuoe Dafroza, yule mama hajawahi kuniona hata nikitafuna muwa. Leo alinikuta nimeshika bakuli kwa mikono miwili, mawese yamefika kidevuni, na mguu mmoja nimeunyoosha.

Sikufikiri. Nilivuta kitenge kilichofunika kapu la ugali, nikajifunika kichwa chote, nikainama.

Nikasikia nguo zikihangaika kulia kwangu. Na kushoto.

Nikachungulia kwa chini. Mzee Ndege kajifunika kofia usoni, kainama. Yule dada kajifunika skafu. Wale wawili wengine wamegawana taulo. Wote wameinama kama mimi, wametulia, wanangoja hatua inayofuata.

Mama mkwe akasimama mbele ya mstari ule. Akatutazama kwa zamu. Halafu akageuka kuelekea jikoni, akauliza kwa sauti ya kawaida kabisa:

"Dafroza, mwanangu, umeolewa na wangapi?"

Uzio mzima ulianguka kwa kicheko. Nikajua yule binti aliyekuja kusaidia ni nani. Na ile ladha nikaikumbuka. Ilikuwa ladha ya mwaka wa kwanza wa ndoa yangu.

Dafroza akatoka anafuta mikono. Hakucheka. Akaniambia mimi niliye chini ya kitenge, watu wote wanasikia, "Haya maharage uliyolamba nimepika mimi. Mama kakaa na kinu tu. Nyumbani unaniletea maharage na maji, mawese hutaki kununua, chumvi unaificha. Maharage na maji, Leonidas, yanakuwa maharage na maji."

Kelvin anatafsiri! Hakuna aliyemwomba. Anatafsiri neno kwa neno, na mimi nasikia wale wageni chini ya skafu zao wanasema "oooh."

Nikasema nimekosa. Nilikisemea kitenge, lakini nilisema. Nikasema arudi nyumbani.

Mama mkwe hakunijibu, maana hawezi kusema nami moja kwa moja. Akamwambia Mama Skola aliyekuwa hatua mbili kutoka kwangu amwambie huyo mgeni wao kwamba mtu hajisemei kwa wakwe. Ana nani wa kumsemea? Mama Skola akarudia yote kana kwamba mimi niko ng'ambo ya mto.

Hapo, ndugu zangu, sitawadanganya, sikuwa nachekesha mtu. Chini ya kile kitenge niliwahesabu watu wangu wote na hakuna hata mmoja aliye hai. Nikasema sina mtu. Sauti ilitoka ndogo.

Kelvin akatafsiri na hiyo.

Pembeni yangu goti likalia kama mlango. Mzee Ndege anasimama. Kofia bado iko usoni, kaishika kwa mkono. Sijui alielewa nini. Akakohoa. Akasema kwa Kiswahili chake, polepole:

"Mama. Shikamoo. Chakula kizuri sana. Mtu huyu... anakula vizuri. Asante."

Akakaa.

Watu hawakujua wacheke au wapige makofi. Mama mkwe akafikiri kidogo. Kisha akasema, "Huyu kasema vizuri kuliko aliyekuja siku ya mahari. Yule alilewa kabla ya kusema." (Si kweli. Alilewa akisema.) Akaagiza mtungi wa pombe ya ndizi uletwe na mirija. Mama Skola akaonja, Mzee Ndege akanywa kwa niaba yangu, akaguna, akanywa tena bila kuombwa. Basi nikawa nimesemewa. Nina mshenga mwenye darubini.

Hukumu ikatolewa palepale, kupitia Mama Skola. Mama mkwe akauliza gari la kwenda porini lina nafasi. Kelvin akasema hakuna, nafasi iliyobaki ni ya Leonidas.

"Basi ipo," akasema mama mkwe.

Dafroza hajawahi kumuona tembo, alisema, wakati tembo kala shamba la baba yake misimu miwili. Aende akamuone. Keshokutwa wakirudi watapita hapa. Leonidas abaki, aoshe masufuria ya leo, na siku hiyo wageni watakula maharage aliyoyapika yeye, kwa mkono wake, bila kusaidiwa. Yakilika, Dafroza atapanda gari hilohilo hadi nyumbani kwa mumewe. Yakiwa ya manati, atarudi Titye, na safari hiyo hata mshenga wa Kizungu hatasaidia.

Mzee Ndege akanipa mkono. Dafroza akapanda mbele, kiti changu, kile cha dirishani. Kelvin akapiga picha ya mwisho, mimi na sufuria.

Sasa niko nyuma ya migomba ili mama mkwe asinione. Mtandao unashika nikisimama juu ya kichuguu. Masufuria nimemaliza, matatu yalikuwa na ukoko. Dafroza kanitumia picha yupo ndani ya gari, kavaa darubini ya mshenga wangu. Kaandika: "Sijamuona mnyama bado ila nimekaa vizuri."

Nimebandika maharage ya kujaribia. Ya kujaribia tu, nione. Yamechemka muda mrefu sasa, kuni zinaisha. Nimeonja moja. Limegonga jino.

Kwa hiyo badala ya kucheka, mwenye kujua mawese hutiwa kabla au baada aniandikie faragha. Msiandike humu. Bakari yumo.