Wa Kwanza Wawili

Jumatatu, 7 Februari 1994

Nimeipata! Bosi wangu Harish, mwenye duka la kupiga chapa na fotokopi hapa Kisii mjini, amenipa kazi ya chama cha wakulima. Majina elfu moja na ushee, niyapange kwa alfabeti kwenye kompyuta. Ijumaa wakulima wataitwa kwa orodha hiyo kuchukua mbolea. Msimu uliopita magunia yaliisha kwenye herufi N. Mzee Ongeri alirudi Kiogoro na mkokoteni mtupu, akanuna mpaka mavuno. Na Mzee Ongeri ndiye baba yake Nyanchera. Na Nyanchera ndiye nitakayemuoa.

Jioni nikamwendea mzee. Nikamwambia, tata, baba yangu, mwaka huu wa kwanza ni wewe. Akauliza itawezekanaje, na jina lake linaanza na O. Nikasema kompyuta hufanya ninachoiambia mimi. Akaagiza niletewe chai. Chai! Siku zote huwa anauliza tu nitaondoka saa ngapi.

Jumanne, 8 Februari

Nimeanza na ujanja mwepesi. Nimeiambia mashine kwamba kwetu O hutangulia A. Lugha yetu, mpango wetu, nani atabisha? Ikatoa Obare, Ombati, Omwenga, Onchari, Ondieki... Nimesahau nusu ya wanaume wa Gusii ni O! Ongeri kafunikwa na mamia. Upuuzi mtupu.

Manju, binti yake Harish, amerudi na diploma yake kutoka Nairobi. Akachungulia begani kwangu. Nani kamwita? Akasema mashine haijui Kigusii, inalinganisha namba za herufi tu, ndiyo maana walioandikwa kwa herufi ndogo wameangukia chini ya Z. Akashauri nitengeneze jedwali la herufi za Kigusii, ny na ng' kila moja na mahali pake, kisha kila jina niligeuze kuwa namba mara moja tu kabla ya kupanga. Eti mimi naligeuza upya kila linapokutana na jina lingine, ndiyo maana natambaa. Nikamkumbusha kwamba hapa Mgusii ni mimi. Akaenda zake akichekea puani. Anakitaka kiti changu, yule.

Jumatano, 9 Februari

Mwenyekiti wa chama, Mzee Mogire, amefika. Huyu ndiye mshenga wangu. Jumapili atanipeleka kwa Ongeri kunisemea. Baba zangu wadogo wamekataa, wanadai mimi ni aibu ya ukoo. Bila Mogire sina mtu.

Akaninong'oneza kwamba ni fedheha mwenyekiti kuitwa baada ya vijana wa juzi. Anataka awe wa kwanza. Nikakubali kabla hajamaliza. Ningesema nini?

Basi nimeandika mistari miwili. Mmoja: ukimlinganisha Ongeri na yeyote aliye juu yake, Ongeri apande. Wa pili: ukimlinganisha Mogire na yeyote aliye juu yake, Mogire apande. Mashine hupita orodha nzima ikiwabadilisha nafasi majirani waliokosea mahali, na haiachi mpaka ipite bila kumgusa mtu. Nimeiwasha saa tisa. Kila mzee atakuwa wa kwanza kwa namna yake. Mimi nina akili, jamani!

Alhamisi, 10 Februari

Bado inazunguka.

Wazee wote wawili wamekuja asubuhi kuona majina yao. Wote wawili! Duka lina benchi moja. Hawajasalimiana tangu uchaguzi wa chama. Wakakaa, huyu akitazama ukuta, yule akitazama barabara. Nikasema majina ni mengi, wavumilie kidogo. Harish akapita akinung'unika, eti mashini nakula stima tangu jana, iko natengeneza nini?

Saa sita wazee walikuwa wakizungumza. Saa nane wanacheka, wanapigana viganja! Moyo wangu ukafurahi. Mshenga na mkwe, benchi moja, wakipatana kwa ajili yangu.

Saa kumi Harish akachoka, akamwita Manju. Manju akasoma mistari yangu kwa sauti. Kwa sauti! Akaeleza kwamba tangu jana Ongeri anampanda Mogire, kisha Mogire anampanda Ongeri, na wataparamiana hivyo mpaka kiama. Wazee wakanigeukia. Nikasema ni virusi.

Manju akafuta mistari yote miwili na kutengeneza jedwali lake. Wazee hawajamaliza chai, orodha imetoka. Ng' zimekaa vizuri. Nilitafuta kosa mpaka macho yakaniuma. Hakuna.

Ijumaa, 11 Februari

Mbolea imegawiwa. Imemtosha kila mtu, na magunia yamebaki. Hakuna aliyehitaji kuwa wa kwanza. Ningekaa kimya Jumatatu, ningekuwa mtu wa maana leo.

Jumapili, 13 Februari

Nilivaa koti, nikamngoja Mogire njiani. Hakutokea. Nikaenda peke yangu. Nikamkuta ameshakaa kwa Ongeri, anakula kuku.

Alikuwa mshenga, ndiyo. Wa mpwa wake Abner, mwalimu kule Marani. Walikubaliana Alhamisi, wakiwa benchini, wakingoja orodha yangu.

Nikaomba kumwona Nyanchera. Akatoka mpaka mlangoni. Akasema jana, siku ya Sabato, baada ya kanisa Abner alimuuliza yeye mwenyewe kama anamtaka. Akasema mimi nimemuuliza babake, nimemuuliza mshenga, huenda hata kompyuta nimeiuliza. Yeye sijawahi.

Nimelia njia nzima. Nilimpenda. Mashetani wote hawa!

Jumapili, 20 Februari

Manju kapewa kiti. Mimi niko kwenye fotokopi, natoa nakala za ratiba ya harusi ya Abner. Harish ana roho mbaya.

Lakini mambo si mabaya sana. Mama yake Abner alikuja Ijumaa. Anataka awe wa kwanza kuitwa kutoa zawadi. Ana binti pia, Linda, hajaolewa. Nikamwambia, mama, hilo niachie mimi. Jioni akaja shangazi yake Nyanchera na ombi hilo hilo. Naye ana binti. Nikamwambia, shangazi, wa kwanza ni wewe.

Safari hii sibahatishi. Kosa langu nimelijua: ni lile benchi. Hawa nitawakalisha mbali mbali.