Vidole Kumi kwa Watu Kumi na Mmoja

Jumatatu, tarehe 7 mwezi wa tatu 1983

Naanza kuandika katika kaye hii, daftari mupya. Watu wakubwa wote wanaandika mambo yao. Mimi nilisoma kwa mapadri mpaka mwaka wa tatu, halafu padri mwenyewe akasema inatosha. Sasa niko shefu wa pili wa biro ya kuangalia watu waliotoka buloko, kule gerezani, mbele ya wakati wao. Miaka kumi na tisa. Kila Ijumaa wanapaswa kuja kuweka kidole kikubwa katika buku, kwa wino wa kashe, ule muhuri wa biro, tujue hawajakimbia mji wa Bunia. Ni kazi ya kichwa.

Leo barua imetoka Kisangani. Enspekteri anafika Ijumaa hii. Shefu wa kwanza anaenda pansheni, kiti chake kitakuwa wazi. Kitakuwa changu ama cha mama Madeleine wa dosye, anayetunza mafaili. Madeleine ana miaka sita ya kazi. Anajua kusoma sana, ndiyo hiyo tu.

Nimefungua buku. Watu kumi na wawili. Anayekuja ni mmoja, Katsuva. Wengine, hata sijui. Nimechoka mbele ya kukaa.

Jumanne, tarehe 8

Katsuva amekuja, na si siku yake. Ni fundi wa mbao. Aliuza mabati ya patron, bosi wake, akakaa buloko miaka miwili. Muda wake wa kuangaliwa uliisha mwezi wa kwanza. Karatasi ya kumwachilia iko tayari, inangoja kashe yangu na jina langu. Muke wake Bibiane alitangulia Niania mwezi ule kumungoja, sasa tumbo limefika, hana ndugu kule. Katsuva aliomba kwa heshima, kofia mukononi. Nikamwambia arudi Ijumaa ikipita.

Akasema, "Muzee, uliniambia hivyo mwezi wa kwanza. Na wa pili."

Kweli nilisema. Lakini nikimwachilia, nani atakuja Ijumaa? Mutu mwema kama huyu haachwi ovyo. Nilimweleza kama baba. Hakuonekana kufurahi.

Madeleine alipita na dosye zake, akasema, kwa sauti ya kusikiwa barabarani, kwamba katika biro yetu mubaya anakimbia na mwema anafungwa, hata yeye angemshauri Katsuva kukimbia. Nikamwambia atashauri siku atakuwa shefu. Akajibu haitakawia.

Jumatano, tarehe 9

Nimezunguka kutafuta wale kumi na mmoja. Vital, wanasema anauza muhogo Irumu. Wawili wako kwenye mashimo ya dhahabu. Mwengine amekufa, ama aliomba ndugu zake waseme hivyo. Jean-Pierre nilimkuta kweli, hapa mutaa wetu wa Ngezi, nyumba ya tatu kutoka kwangu. Amekaa pale mwaka muzima. Alisema atakuja Ijumaa nikimpa viatu vyangu, hivi nilivyovaa. Nikamwambia shefu hatembei bila viatu. Akasema basi na yeye hatembei.

Miguu imevimba. Muke wangu Alphonsine aliniuliza kwa nini shefu anatembea nyumba kwa nyumba kama mutu aliyepoteza mbuzi. Nilikuwa ninafikiri.

Alhamisi, tarehe 10

Akili yangu ni kubwa, lazima niandike.

Madeleine alipoenda kula, nilifunga mulango nikafungua wino. Ijumaa tisa tangu mwaka uanze, kurasa zote nusu tupu. Kidole ni kidole. Kila mutu nilimpa kimoja changu, na hakubadilisha mpaka mwisho. Kazi safi. Kidole kidogo nilimpa Vital, juu na yeye ni mufupi. Vidole vya mikono vikaisha kwa watu kumi. Wa kumi na mmoja, Jean-Pierre, nilimpa kidole kikubwa cha muguu. Amestahili.

Wino hautoki. Nimejaribu sabuni, muchanga, ndimu, petroli. Alphonsine anasema nimekuwa na mikono ya bilingani na hatanipakulia mpaka nieleze. Nimelala na njaa ya shefu.

Ijumaa, tarehe 11

Nilifunga mikono yote miwili na kitambaa. Nikasema ni moto.

Enspekteri ni mutu mufupi, koti la abakosti safi, macho ya kuchoka. Mbele ya kazi hii alifanya miaka ishirini kule wanakosoma alama za vidole vya wezi. Hakuna mutu aliyenijulisha.

Alivaa miwani, akafungua buku, akageuza kurasa moja moja. Kisha akauliza Jean-Pierre ni nani, mwenye kidole kama kisigino. Nikasema ni mutu wa nguvu sana. Akaniomba nifungue kitambaa. Aliomba polepole kama daktari. Kisha akaniomba nivue kiatu. Mbele ya Madeleine.

Katsuva akaingia kwa saa yake ya kila Ijumaa, akaweka kidole. Enspekteri akatazama tarehe za dosye, akamwuliza kwa nini bado anakuja.

Katsuva akajibu, "Shefu anasema mimi iko mwema."

Madeleine alikuwa tayari na karatasi ya kumwachilia. Enspekteri akaandika jina lake mwenyewe, akapiga kashe yake. Haikuchukua dakika. Katsuva akaipokea kwa mikono miwili, akauliza Ijumaa ijayo aje saa ngapi. Wakamwambia asije. Akasimama tu pale, mpaka Madeleine akamfungulia mulango.

Kiti ni cha Madeleine. Mimi ninabaki shefu wa pili. Enspekteri alisema kunifukuza kunataka barua saba, na yeye amechoka.

Jumapili, tarehe 13

Nilitoka misa nikapita pale magari ya Niania yanapopakia. Katsuva alikuwa juu ya magunia ya maharagi, amekumbatia kitanda kidogo cha mutoto, cha mbao, kazi ya mikono yake. Nikamwambia ashuke, karatasi ile haina kashe yangu. Watu wote juu ya gari wakacheka. Mama mmoja akasema, "Muzee, panda na weye, umuchunge mpaka akazalishe."

Katsuva hakucheka. Akasema, "Ubaki muzima, muzee." Gari likaenda. Hakugeuka.

Nimerudi kwa miguu, nikitafuta kosa lilikuwa wapi. Nimeliona. Dosye ya Katsuva niliiacha katika kabati, na Madeleine ana ufunguo.

Kesho tunapokea mutu mupya, Fulgence. Mukubwa wa buloko anasema hajaona mufungwa wa kutii kama huyu. Dosye yake niliichukua jana, wakati wengine walikuwa kwenye salongo, kazi ya lazima ya Jumamosi, wanafyeka majani. Iko chini ya godoro, upande wangu.