Farasi wa Makaa

Jumatatu, 12 Mei 2025
Mwalimu Lydiah wa maktaba ametangaza: ukuta una nafasi ya mchoro mmoja tu kutoka hadithi za zamani. Mwisho Ijumaa. Nafasi hiyo naitaka kuliko nyama ya Krismasi! Mshindani wangu darasani, Kailemia, ana boksi zima la rangi. Mimi nina makaa ya jiko la mama. Asante, mama. Nitachora shujaa wa ule utenzi wa kale tunaousoma darasani, juu ya farasi, nyeusi kwa nyeupe. Tatizo dogo: sijawahi kuona farasi.

Jumanne, 13 Mei
Mjomba Mwiti hubeba kabichi hadi soko la Gakoromone kwa punda wake, Profesa. Amekubali Profesa asimame nimchore. Mungu ambariki. Nimechora kila unywele. Masikio marefu nimeyafunika kwa anga nyeusi ya usiku. Farasi kamili! Mjomba kasema, "Kinya, punda wangu hajawahi kuwa na adabu hivyo."

Jumatano, 14 Mei
Makaa yanafutika! Nimesoma kwamba maziwa mepesi yakipulizwa juu hushika makaa. Maziwa yote yameenda kwa chai. Basi nikapuliza chai iliyobaki kwenye chupa ya nyanya yangu. Nyanya hupenda sukari. Karatasi imegeuka kahawia. Inaonekana ya kale kabisa. Asante, nyanya.

Alhamisi, 15 Mei
Sisimizi! Farasi mzima anatembea! Nikaanza kupangusa kwa sketi. Kailemia akanikuta, akapiga kelele, "Wee Kinya, toa mkono, utamuua punda!" Nikamwambia kwa heshima ni farasi. Alicheka mpaka akakaa chini. Halafu akatoa brashi yake laini kuliko zote, akawaondoa sisimizi taratibu. Adui gani huyu? Lakini sketi yangu ilikuwa imeshaifuta anga. Masikio yamerudi, marefu ajabu. Nimelia kidogo chooni.

Ijumaa, 16 Mei
Nimepeleka hivyo hivyo. Kidato cha kwanza wakapiga mayowe, "Ni Profesa wa Gakoromone!" Nilitaka ardhi inimeze. Kumbe wakaanza kugombania kitabu cha utenzi pale maktabani, wajue punda wao aliingiaje vitani. Mwalimu Lydiah alisema kitabu hicho hakijawahi kuazimwa. Akamtundika Profesa! Kailemia ndiye aliyepiga makofi kwanza. Nawashukuru wote, hata sisimizi.

Sasa mwalimu anataka simba wa mfalme wa hadithi nyingine, kwa ukuta wa pili. Simba sijamwona, lakini nyanya ana beberu mwenye ndevu nzuri sana. Na chai ya safari hii nitaitia asali, ishike vizuri zaidi.