Kijiko cha Sita

Jumatatu, 4 Machi
Vijiko vitano ninavyo. Fedha halisi, vimefuliwa kwa mkono na sonara mmoja tu, kabla babu hajaoa. Nyuma ya kila mpini amegonga muhuri wake, ndege mdogo. Cha sita anacho mama mkwe. Anachotea sukari! Jumamosi ni maonyesho ya vitu vya kale ukumbini, na meza ya mbele inataka seti kamili. Nikikosa, ataipata shemeji na lile birika lake. Mke wangu anasema nimwombe tu mama yake. Kuomba? Nina mpango.

Jumanne, 5
Nimepata kijiko cha bandia, kimepakwa fedha juujuu. Kinang'aa mno. Nimekifunga kwenye mfuko na yai la kuchemsha lililopondwa, na jioni kimekuwa cheusi kama cha mama mkwe. Nyumba nzima inanuka. Nimemsingizia paka. Hatuna paka.

Jumatano, 6
Kwa mama mkwe. Kaenda jikoni kufuata maziwa, nikakamata kijiko chake. Karudi ghafla. Vyote viwili mfukoni! Akauliza kijiko kiko wapi, nikatoa kimoja. Kipi? Sijui. Jamani, sijui.

Alhamisi, 7
Nilichorudi nacho ni cheusi tii, nyuma hapaonekani kitu. Nimekisugua. Ndege akatokea, kwa mbali. Nikaongeza msasa ili aonekane vizuri. Mdomo ukaenda, bawa likafuata. Nimefikiri sana: muhuri wa kweli haufutiki. Basi hiki ndicho cha bandia. Nimekwenda tena kumjulia hali mama mkwe, amefurahi mno, nikabadilisha. Hiki kipya sikisugui. Nimeshapata akili.

Ijumaa, 8
Sonara wa mtaani kwetu amekikwaruza kidogo ukingoni. Shaba. Akanipa pole. Nikamuuliza cha kweli ni kipi basi. Akasema aliyekuwa navyo vyote viwili ni mimi.

Jumamosi, 9
Vijiko vyangu vitano, meza ya nyuma, karibu na mlango wa choo. Mara mama mkwe huyo, na kifurushi. Tangu mwezi uliopita alikuwa amepanga kunipa kijiko chake leo, mbele za watu, maana mimi ndiye mkwe anayemkumbuka. Sonara, ambaye ndiye mwamuzi, akakigeuza, akamtafuta ndege, akakirudisha. Fedha ni fedha, alisema, lakini bila muhuri hakiingii kwenye seti. Mama mkwe akaapa kwamba ndege alikuwepo, amemwona miaka arobaini. Watu wakacheka. Akainama kufunga kitambaa chake, na mimi nikatamani ardhi inimeze. Shemeji alinipungia mkono kutoka meza ya mbele.

Jumapili, 10
Sikupata usingizi, lakini kosa nimeliona. Cha sita hakifanani na wenzake. Seti ni kufanana! Tangu chai ya asubuhi nimekaa na msasa. Vinne tayari, safi, hakuna hata unyoya. Mke wangu amesimama mlangoni, mikono kiunoni. Nadhani hatimaye amenielewa.